Mkuu, usisaini bila muhuri wa muda!

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza, kwa kusaini kidijitali programu zako za Windows, ununue cheti cha OV (mtoaji anathibitisha shirika lako) au cha EV (uhakiki wa kina zaidi). Sawa, lakini mimi nimekwama kwenye amri uliyobandika ya signtool, zana ya Microsoft ya kusaini mafaili: `signtool sign /a /fd sha256 Setup.exe`. Muhuri wa muda uko wapi?

Cheti kina tarehe ya kuisha. Ukisaini bila muhuri, siku kinapoisha saini zako zote zinakufa nacho, hata za mafaili ya mwaka juzi, kwa sababu Windows haina pa kujulia kama ulisaini kabla au baada. Ukigonga muhuri, seva ya nje inathibitisha saini ilikuwepo saa fulani cheti kikiwa hai, na saini inaendelea kukubalika.

Jamaa aliyeniuzia cheti aliniambia huo muhuri ni mapambo. Mapambo! Cheti kikaisha wikendi, Jumatatu simu haikupoa. Kila anayesakinisha anapata dirisha la njano: mchapishaji hajulikani. Mteja mmoja akaniuliza kwa upole kabisa kama nimeanza kusambaza virusi. Kilichoniua zaidi ni kisasishi nilichoandika kwa mikono yangu, kinachokagua saini kabla ya kupokea toleo jipya: kikakataa mafaili yangu mwenyewe. Angalau nilijua kinafanya kazi vizuri.

Na usidhani utagonga muhuri baadaye. Cheti kikishaisha, muhuri utaonyesha saa ya baada ya kifo, hausaidii kitu. Ni cheti kipya, kusaini kila kitu upya, kusambaza upya. Tangu Juni 1, 2023 ufunguo wa siri wa kusainia lazima ukae kwenye kifaa cha usalama, kama tokeni ya USB, kwa hiyo hata hicho kipya hukipakui tu kama faili. Mimi nilikaa nasubiri tokeni ya USB ije kwa kifurushi huku wateja wananinunia. Nilipompigia yule muuzaji akasema, "Hilo la muhuri si kila mtu analijua?" Nilikata simu kabla sijatukana.

Amri yako iwe hivi, ANWANI ukiijaza ya seva ya muhuri ya waliokupa cheti:

`signtool sign /a /fd sha256 /tr ANWANI /td sha256 Setup.exe`

Anza na mafaili ya programu yaliyo ndani (exe na dll), kisakinishi kiwe cha mwisho. Halafu endesha `signtool verify /pa /v Setup.exe`, usipoona saa ya muhuri kwenye majibu, faili hilo halitoki kwako.

OV inatosha, EV siku hizi haikuondolei onyo la SmartScreen (kinga ya Windows dhidi ya programu isizozijua) papo hapo kama zamani.

Na kama kuna mafaili ulishayasaini na cheti bado ki hai, huna haja ya kusaini upya: `signtool timestamp /tr ANWANI /td sha256 Setup.exe`, kisha watumie wateja nakala hizo. Fanya leo.