Kuchonga mila za Wakelti kwenye lino: ushauri kwa anayeanza

Wageni wengi wa kazi hii wakisikia "sanaa ya Kikelti" wanakimbilia fundo, yaani ule urembo wa nyuzi zilizofumana. Wanatafuta picha ya fundo kwenye simu, wanainakili juu ya lino, yaani bamba laini la kuchongea picha za kuchapa, wanachonga, wanachapa. Kazi inatoka safi, ila haina mtu ndani yake. Wewe unayeanza leo, nakuomba uanze na jambo ambalo watu wanalifanya kwa mikono yao, kwa msimu wake na mahali pake. Fundo lisubiri kidogo.

Pia usiwachanganye Wakelti kwenye chungu kimoja. Waireland, Waskoti, watu wa Wales, wa Kisiwa cha Man, wa Cornwall na wa Bretagne kule Ufaransa wana undugu wa lugha, lakini kila mmoja ana mambo yake. Fuvu la farasi lililofunikwa shuka jeupe na kupelekwa nyumba kwa nyumba wakati wa baridi, Mari Lwyd, ni la Wales. Ukilichonga likiwa limezungukwa na majani ya shamroki, yale majani matatu yaliyo alama ya Ireland, mwenyeji atacheka kabla hujamaliza kueleza.

Mimi humshauri mwanafunzi mpya aanze na Siku ya Wren. Tarehe 26 Desemba, hasa katika mji wa Dingle magharibi mwa Ireland, vikundi vinapita mitaani na filimbi na ngoma. Baadhi yao wamevaa mavazi ya mabua kutoka kichwani mpaka magotini, na uso hauonekani. Zamani waliwinda ndege mdogo aitwaye wren wakambeba juu ya kijiti. Siku hizi hakuna anayeua ndege. Sasa tazama vazi lenyewe. Mabua yanaanzia kileleni yamefungwa pamoja, yanashuka juu ya mabega, yanapanuka, yanakatika bila mpangilio chini. Chukua patasi nyembamba yenye ncha ya umbo la V, anzia pale yalipofungwa, vuta mkono kuelekea chini, kisha inua patasi taratibu. Mkato mmoja, bua moja. Usichore kila bua kwa penseli kwanza. Ukifanya hivyo utakuwa unafuata mistari na vazi litakakamaa. Acha sehemu nyeusi, yaani zisizochongwa ambazo hushika wino, nyingi kuliko unavyodhani zinahitajika, hasa chini ya mabega na pale ambapo macho yangekuwa. Weusi ule ndio unaomfanya mtu aliyejificha atishe kidogo, kama inavyotakiwa.

Ukipata nafasi ya kusafiri, nenda Turlough Park, wilaya ya Mayo huko Ireland, kwenye jumba la makumbusho ya taifa linalohusu maisha ya vijijini. Vifaa vya mabua, vikapu na misalaba ya Brigid, mtakatifu wa Ireland, vimo humo. Keti mbele yake uchore. Picha ya simu haikuonyeshi upande wa nyuma, na fundi anaficha fundo lake nyuma.

Msalaba wa Brigid utakufundisha somo la kugeuza mchoro kuliko mwalimu yeyote. Unasukwa kwa nyasi ndefu za kinamasi, mkesha wa tarehe 1 Februari, na mila inataka nyasi hizo zing'olewe, zisikatwe. Kisha msalaba unawekwa juu ya mlango au chini ya paa kulinda nyumba dhidi ya moto na njaa. Mikono yake minne haikutani kwa mstari mmoja. Kila mmoja umesogea pembeni ya mwenzake, kwa hiyo msalaba unaonekana kama unazunguka. Lino huchapa kinyume. Usipougeuza mchoro, msalaba wako utazunguka upande wa pili, mpiga fidla atashika upinde kwa mkono wa kushoto, na maandishi hayatasomeka. Dawa yake ni rahisi: chora kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba inayoonyesha kilicho chini yake, ilaze kifudifudi juu ya lino, sugua mgongo wake kwa kijiko.

Baada ya hapo, njoo kwenye mafundo. Kitabu cha Kells, kitabu cha Injili kilichoandikwa kwa mkono na kilichoko Trinity College, Dublin, ni cha karibu mwaka 800, na kurasa zake zimejaa nyuzi zilizofumana. Kanuni ni moja: uzi ukipita juu, makutano yanayofuata unapita chini. Kabla ya kushika patasi, fuata uzi kwa kidole na kila makutano andika J (juu) au C (chini). Ukikuta J mbili zimefuatana, kuna kosa, na ni bora ulione kwenye karatasi. Wakati wa kuchonga, uzi wa chini ukate kabla haujagusa wa juu, uache mwanya mwembamba.

Wajue pia waliotangulia. Elizabeth Yeats aliendesha kiwanda cha uchapaji cha Cuala Press karibu na Dublin tangu 1908, na wafanyakazi wake walikuwa wanawake. Walichapa karatasi ya nyimbo na picha kila mwezi mpaka 1915. Picha zilikuwa za kaka yake Jack, na rangi zikapakwa kwa mkono. Humo utakutana na mabaharia, waimbaji na watu wa minadani. Huko Bretagne, Jeanne Malivel alichonga kwenye mbao picha za kitabu cha historia ya nchi yake kilichotoka 1922, na mwaka uliofuata akashiriki kuanzisha kundi la wasanii la Seiz Breur. Alifariki 1926 akiwa kijana bado. Mistari yake ni minene na haina woga. Mimi namrudia kila mara.

Kuhusu vifaa, lino halisi ni mafuta ya mbegu za kitani na unga wa koki, lile gome la kutengenezea vizibo vya chupa, juu ya kitambaa cha juti. Kwenye baridi ya Ulaya hukakamaa na kumeguka, hivyo watu huiweka kwanza karibu na joto. Ukiwa Dar au Mombasa huna shida hiyo, ila wino wa maji utakukaukia kwenye rola, basi chapa alfajiri au tumia wa mafuta. Mkono usiochonga ukae nyuma ya patasi daima.

Nakala zako ziandike kwa penseli chini ya picha: namba kushoto, mfano 3/20 (nakala ya tatu kati ya ishirini), jina la kazi katikati, sahihi kulia. Na kama umemchora fundi fulani au kikundi fulani, wapelekee nakala ya majaribio kabla hujachapa zote. Watakuonyesha kamba uliyoifunga vibaya, na lino bado unaweza kuirekebisha kama hukuondoa zaidi ya inavyopaswa.