Jibu: Skafoldi ya kukunja ya kubeba kwa tuktuk

Ndugu, umeuliza skafoldi (jukwaa la kusimama ukifanya kazi juu) ya kukunja ya kubebwa na tuktuk hapo Kisumu itengenezwe aje. Mimi napaka rangi huku Nakuru na nakuambia chuma si shida, skwea tyubu (bomba la mraba) ya milimita 40 unene milimita 2 inatosha, shida ni bawaba, usiziachie zibebe uzito, ukishakunjua weka pini ya kufunga kila pembe na breesi za mshazari (vyuma vya kukaza vinavyopita kona hadi kona), kwa sababu bila hizo fremu inayumba ukinyoosha mkono na rola. Alafu kimo cha mahali pa kusimama kisizidi mara tatu ya upana wa chini wa skafoldi. Magurudumu yawe na breki, na tafadhali usikubali kusukumwa ukiwa juu, mwenzangu alivunjika mkono hivyo.