Ni mbio za "kufukuza timu" au "kufukuzana"?

Swali limetoka kwa kijana wa Igoma, Mwanza: "Shikamoo mwalimu. Tulikuwa kibanda umiza tunaangalia marudio ya baiskeli za Olimpiki, zile za uwanjani za watu wannewanne. Jamaa mmoja akasema hizo ni mbio za kufukuza timu, watu wakacheka, eti timu imefukuzwa imefanya kosa gani? Fundi baiskeli akasema ni kukimbizana. Nani yuko sahihi? Na naweza kusema Italia inafukuzana?"

Marahaba. Waliocheka wana haki yao kidogo. Hilo neno fukuza linabeba mizigo miwili. Nenda Mwaloni asubuhi, mama kaanika dagaa, kunguru akishuka mama anaokota fimbo anamfukuza, hana haja hata kidogo ya kumkamata, anataka aondoke tu. Dakika mbili baadae kibaka kapita na pochi ya mtu, vijana wanamfukuza, na hao sasa wanataka wamshike kweli. Neno lilelile ila nia mbalimbali, na kinachotuambia ni ipi ni kile kinachokuja baada ya kitenzi. Ukisema kufukuza mfanyakazi, kufukuza mwanafunzi, kufukuza timu, msikilizaji anawaza barua ya kuondolewa, hawazi baiskeli.

Sasa tuangalie mchezo wenyewe, maana jibu liko humo. Timu mbili, kila moja watu wanne, mita 4,000, na uwanja ukiwa wa mita 250 hiyo ni mizunguko 16. Ila hawaanzii mstari mmoja, hawa wako upande huu na wale upande wa pili kabisa, kwa hiyo kila timu ina mgongo wa wenzao mbele yake nusu mzunguko, na wakati huohuo mgongo wake nao unawindwa. Huwezi kusema huyu ndo mwizi na huyu ndo polisi. Wote wanafukuza, wote wanafukuzwa, na Kiswahili kina kauli ya kazi hiyo tangu zamani, kauli ya kutendana: kufukuzana.

Kukimbizana kwa fundi sio kosa, sigombani nae. Tatizo langu ni kwamba mtaani limeshahamia kwenye mishemishe, bodaboda anakimbizana na hesabu ya bosi, mama ntilie anakimbizana na muda, na hesabu haigeuki ikamkimbiza mtu (au inageuka, sijui nyie). Kufuatana ndo hapana kabisa, hiyo ni daladala kwenye foleni Buzuruga.

Kuhusu "Italia inafukuzana", ukiiacha peke yake hivo inamaanisha Waitalia wanafukuzana wao kwa wao, na hicho ndicho hawafanyi. Ndani ya timu wanapokezana: anaeongoza akichoka kukata upepo anapanda juu kwenye mwinuko wa kona, wenzake wanapita chini yake, anateremka anadandia mkia. Muda wenyewe unachukuliwa tairi la mbele la mtu wa tatu likikata mstari, kwa hiyo mmoja anaweza kujimaliza akaachwa njiani na mambo yakaenda. Unatakiwa useme Italia na Denmark zilifukuzana, au Italia ilifukuzana na Denmark, kama fainali ya Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, Italia dakika 3 sekunde 42.032, Denmark nyuma kwa sekunde 0.166 tu. Pale hakuna aliemshika mwenzie.

Wakishikana tumia kufikia. Kwenye Olimpiki hiyohiyo Denmark ilifukuzana na Uingereza, Mwingereza wa tatu akawa ameachwa na wenzake, Mdenmark alieongoza kainamisha kichwa hatazami mbele akamgonga kwa nyuma, wote chini. Ubishi ukawa mrefu, ila mwisho ikaamuliwa Denmark ilishaifikia Uingereza, ikaingia fainali. Umeona? Ilifukuzana nayo, kisha ikaifikia. Kusema iliifukuza Uingereza ungeturudisha kwa kunguru wa Mwaloni.

Jina zima mimi naandika mbio za timu kufukuzana, na kama ni za wanaume: mbio za wanaume za timu kufukuzana. Na yule jamaa wa kibanda umiza alipungukiwa silabi moja tu, mumnunulie soda.