Uso wa Desemba hupangwa Januari: kwa mnaoanza kazi ya makovu ya chunusi

Kila mwaka ikifika Oktoba, kliniki za ngozi za Kisumu hujaa watu wenye tarehe. Huyu ana harusi siku ya Jamhuri, yule ana ayie, sherehe ya posa ya Wajaluo, wiki tatu zijazo, mwingine anahitimu na anataka picha safi. Na kila mwaka vijana walioanza kazi Januari hurudia kosa la walioanza Januari iliyotangulia: wanamhurumia mtu mwenye tarehe. Majina ya makovu mnayajua hata usingizini, aisipiki, boksika (kishimo kipana chenye kuta wima), rolingi, na mashine mnazishika kwa mikono myepesi kuliko ya sisi tuliotangulia. Kalenda ndiyo inayowashinda. Basi ketini hapa kidogo, na simu ziwekwe chini.

1. Chunusi inyamaze kwanza. Miezi 3 bila vipele vipya vyenye usaha ni kipimo kizuri. Kila kipele kikubwa kinachochimbika leo ni shimo la mwezi ujao, na hakuna rola ya sindano inayoshinda mbio hizo.

Muulize anapaka nini, kisha usilitegemee jibu. Mwambie alete makopo yenyewe kwenye mfuko. Atakuambia "Vaseline tu," halafu mfuko utoe krimu ya betamethasoni, nyingine ya klobetasoli, zote steroidi, na kopo lisilo na jina alilochanganyiwa sokoni. Ngozi iliyolelewa kwa steroidi ni nyembamba na huonekana tulivu kwa sababu imefunikwa. Akiacha krimu, vipele hufumuka. Ukimpaka asidi ya kuchubua ngozi kabla hayo hayajapita, atababuka kwa kiwango ambacho jirani yake hata asingewashwa nacho.

Kuhusu isotretinoini, vidonge vya chunusi kali: wazee watawaambia msubiri miezi 6 hadi 12 baada ya kidonge cha mwisho kabla ya kugusa chochote. Mwaka 2017 madaktari wa upasuaji wa ngozi wa Marekani waliupitia ushahidi upya wakaona hautoshi kuchelewesha asidi nyepesi wala leza zisizochubua. Kukwangua ngozi kwa mashine na leza kali ya kuchubua uso mzima bado zinasubiri. Na mwanamke anayemeza dawa hiyo haruhusiwi kushika mimba. Hilo halina mwaka wala mjadala.

2. Doa si kovu. Wengi wanaoingia wakilia makovu wana madoa tu. Zima taa ya dari, mulika tochi kutoka ubavuni, vuta ngozi kwa vidole viwili. Kisicho na kivuli ni doa: kinataka kinga ya jua, asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20, tretinoini usiku, na miezi. Hakitaki sindano. Bonde linalotoweka ukivuta ngozi ni rolingi, limefungwa na nyuzi kutoka chini. Kishimo kinachobaki vile vile, chembamba kama kimetobolewa na msumari, ni aisipiki.

3. Tayarisha ngozi wiki 2 hadi 4 kabla: kinga ya jua, dawa ya kupunguza rangi, kisha retinoidi (tretinoini na wenzake) isimame takriban wiki 1 kabla ya asidi. Jaribio la kipande kidogo mbele ya sikio lisubiriwe wiki 4, si siku 4, kwa sababu weusi huchelewa kutokea.

4. Sasa dhambi yenyewe. Hii nitaieleza kwa urefu, kwa kuwa hakuna aliyedumu katika kazi hii ambaye hajaifanya, au hajasimama kando akiitazama ikifanywa na akanyamaza. Ungamo ni letu sote.

Hutokea hivi. Mteja ana aisipiki mashavuni, rolingi pembeni, madoa kila mahali, na vipele vinne vya usaha kidevuni ambavyo kila mtu chumbani anajifanya havioni. Ametoka Siaya, nauli amekopa, harusi ni baada ya wiki 6. "Daktari, nifanyie zote leo." Na mtoa huduma analegea. Anapaka asidi ya salisiliki ya asilimia 30 uso mzima, eti kusafisha. Anaiosha, kisha rola ya milimita 2 inapita papo hapo, njia nne, mpaka damu ichomoze. Halafu kuna yule mwenye wazo zuri, hakosekani: matundu si yako wazi? Basi seramu ya vitamini C ya dukani inamiminwa juu. Saa saba mchana mteja anatoka, anapanda boda kwenda steji, na kofia ya abiria anayovaa imevaliwa na watu kumi tangu asubuhi.

Tazameni tulichofanya hapo. Salisiliki imelegeza tabaka la juu, lile linalozuia vitu kuingia, na ngozi imeanza kuwaka. Rola imetoboa ngozi isiyo na ngao, ikapita juu ya usaha na kuubeba kutoka kidevuni hadi shavuni, tundu kwa tundu. Seramu imetengenezwa kukaa juu ya ngozi, ina manukato na vihifadhi. Tumeiingiza ndani, mahali ambapo mwili huiona kama mgeni na kuizungushia uvimbe mgumu. Visa vya namna hiyo vimeripotiwa katika majarida ya tiba. Kisha jua. Kisumu iko kidogo tu kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na saa saba jua liko utosini mwezi wowote. Katika ngozi yetu seli za rangi ni zile zile kwa hesabu kama za mtu mweupe, ila zina bidii zaidi, na zikisikia moto wowote jirani hutoa rangi bila kuulizwa. Tumeziwashia mioto minne kwa saa moja.

Siku ya kwanza ni wekundu na joto. Siku ya nne ndiyo inayotudanganya: uvimbe unajaza mashimo, mashavu yanaonekana laini, mteja anatuma picha na mioyo mitatu, nasi tunazionyesha kwa wenzetu. Jamani, msishangilie uvimbe! Wiki ya pili unashuka na mashimo yanarudi. Wiki ya tatu weusi unafika, na unafika kwa mistari, sambamba kama alama za reki, kila mahali rola ilipokandamizwa. Vipele vya kidevuni vimezaa shavuni.

Hapo inaingia dhambi ya pili, ambayo ni mbaya kuliko ya kwanza kwa sababu inafanywa kwa nia njema. Mtu mwenye aibu hutaka kurekebisha upesi. Haidrokwinoni ya kupunguza rangi asubuhi na jioni, asidi ya glaikoliki Ijumaa, "tuutoe huu weusi kabla ya harusi." Ngozi iliyokuwa inajaribu kupoa inachokozwa tena, na weusi unazama zaidi. Bibi harusi anaolewa chini ya fondesheni nzito kama plasta, na weusi unabaki usoni mpaka Pasaka, pengine kuipita. Na utetezi wetu? "Ngozi yake ni ngumu." "Hakupaka sanskrini." Ngozi yake ilikuwa ngozi tu, na sanskrini hakuna aliyempa.

Ikikutokea, na itakutokea, simamisha kila kitu. Maji ya vuguvugu, mafuta mazito yasiyo na harufu, kinga ya jua. Uvimbe mgumu au usaha, mwite daktari siku hiyo hiyo. Wekundu ukikataa kushuka, daktari anaweza kuandika steroidi ya kupaka kwa siku chache, na siku chache maana yake siku chache. Ngozi ikishatulia kabisa, isiwashe, isichubuke, ndipo azelaiki inaanza, au haidrokwinoni ya asilimia 4 usiku peke yake, na mwisho wake uandikwe kwenye kadi tangu siku ya kwanza: miezi 3.

5. Vinavyokaa pamoja siku moja. Kukata nyuzi chini ya ngozi, yaani sabsisheni, huweza kufuatwa na rola siku hiyo hiyo, kwa mpangilio huo: kirefu kwanza, cha juu baadaye. Weka alama kwa kalamu mteja akiwa ameketi, kwani akilala mabonde hupotea. Ganzi ya lidokeini yenye adrenalini, subiri ngozi ipauke, kata, kandamiza dakika 5 hadi 10, ndipo rola. Plazma ya damu yake mwenyewe ndiyo pekee inayoruhusiwa kumiminwa juu ya matundu. Kwenye panja, ukingo wa taya na mbele ya msuli wa kutafuna, mikono ipoe: kuna matawi ya neva ya uso na mshipa wa damu hapo, na mdomo uliopinda hauombewi msamaha. Bonge dogo linalobaki baada ya wiki mbili kwa kawaida ni damu iliyoganda. Hupungua lenyewe, usilikamue.

Visivyokaa pamoja: asidi ya uso mzima na rola. Viachane wiki 4 angalau. Asidi ikimwagwa kwenye matundu haiishii mahali ulipokusudia.

6. TCA ya nukta, ile CROSS, yaani asidi kali ya trikloroasetiki inayoguswa kishimo kwa kishimo, ni ya aisipiki peke yake. Kwa ngozi yetu anzeni asilimia 50 hadi 70. Asilimia 100 waachieni walioizoea. Kijiti cha meno kilichochongwa, kichovye, kifute ukingoni mwa kikombe mpaka kisiwe na tone, vuta ngozi, gusa sakafu ya kishimo tu. Weupe huonekana ndani ya sekunde chache. Tone likigusa ukingo, kishimo kitapona kikiwa kipana kuliko ulivyokikuta, na hilo ndilo kosa la kila anayeanza: anajaza kishimo kama anajaza kikombe cha chai. Chupa isipite juu ya uso wa mteja hata mara moja. Na bikaboneti, rafiki yenu wa glaikoliki, haina kazi hapa. Weupe ukishatokea asidi imekwisha kufanya ilichofanya, na iliyomwagika pabaya inataka maji mengi papo hapo. Kigaga kikauke na kudondoka chenyewe, rudia baada ya wiki 4 hadi 6, mara 3 au zaidi kalenda ikiruhusu. Rola isipite juu ya nukta hizo mpaka zimepona.

7. Madogo madogo. Rola ni ya mteja mmoja, mara moja, kisha inaingia kwenye kisanduku cha sindano, hata mteja akiomba arudi nayo nyumbani. Kina ni milimita 1.5 hadi 2 shavuni, chini ya hapo kwenye paji ambako mfupa uko karibu. Ganzi ya kupaka ifutwe yote kabla ya kutoboa. Tazama kifua, mabega na masikio: ukiona keloidi, kovu linaloota kupita kidonda, weka sindano chini na umwite daktari. Aliyewahi kutoka malengelenge ya mdomo aanze asaiklovia kabla ya leza au asidi nzito. Leza ya kaboni dayoksaidi kwa ngozi yetu huwekwa nukta chache zilizoachana, na asiwepo mtu wa kukuharakisha. Kinga ya jua ni mistari miwili ya vidole kwa uso na shingo, afadhali ile yenye rangi, kwani oksidi ya chuma iliyomo huzuia hata mwanga wa kawaida. Na muulize kazi yake! Anayekaanga samaki ufuoni Dunga hukaa mbele ya mafuta moto mchana kutwa, na joto hilo nalo huchochea weusi. Mpangie aanze mapumziko siku ya tiba, si kesho yake.

8. Kalenda, basi, kwa harusi ya tarehe 12 Desemba. Januari hadi Machi, kunyamazisha chunusi na kutayarisha ngozi. Aprili, sabsisheni, mawingu ya masika yatawasaidia kidogo, ila kinga ya jua ipakwe vile vile. Mwishoni mwa Mei, nukta za TCA, zirudiwe mapema Julai. Rola katikati ya Agosti na mwishoni mwa Septemba, mara mbili tu, huku mkijua kolajeni inaendelea kujengeka miezi 3 hadi 6 baada ya kila moja. Mwishoni mwa Oktoba asidi nyepesi ya kung'arisha, ikiwa tu ngozi imetulia. Baada ya tarehe 5 Novemba hakuna anayemgusa.

Anayeingia Oktoba na harusi ya Desemba anapewa dawa ya chunusi, kinga ya jua, na namba ya mpambaji mzuri. Atanuna. Mwandikieni miadi ya Februari kabla hajatoka mlangoni, maana wengi hurudi.

Na yule mliyemfuata kalenda tangu Januari atapiga simu usiku wa tarehe 10, akiomba "fesho kidogo tu ya mvuke." Jibu ni hapana. Anawe, apake mafuta yake ya kawaida, alale. Picha zake za kulinganisha zipigwe Machi, tochi ubavuni, pembe ile ile ya siku ya kwanza.