Saa ya taa za Nixie: chipu za Kisovieti au transista?

SWALI: Fundi, habari za kazi? Naunda saa ya taa nne za Nixie (taa za gesi zenye namba za waya 0 hadi 9 ndani) aina ya IN-12, zinazoendeshwa na chipu za Kisovieti za K155ID1 nilizoagiza mtandaoni. Taa moja ikionyesha 3, namba 8 nayo inawaka kwa mbali. Chipu hizi ni za kuaminika kweli? Rafiki yangu ananiambia niweke chipu ya ULN2003, eti inapatikana kila duka.

JIBU: Salama, ndugu yangu. ULN2003 iache hukohuko dukani. Mwisho wake ni volti 50, na kwenye Nixie hazitoshi.

Umeme wako bila shaka ni volti 170 hadi 180. Namba ikiwaka, taa yenyewe hubaki na kama volti 140. Kazi ya chipu ni kuziacha namba nyingine zielee kwenye volti za juu kiasi zisivute mkondo. K155ID1, pacha wa 74141 ya Kimarekani, huziruhusu zipande hadi karibu volti 60. Kadiri kiwango hicho kinavyoshuka, ndivyo kivuli kama cha 8 yako kinavyojitokeza.

Lakini usiilaumu chipu kabla ya kuipima. Zima umeme, subiri kapasita iishiwe chaji (hakikisha kwa multimita, volti 180 hazina mzaha), kisha badilishana chipu mbili kwenye soketi. Kivuli kikihamia taa nyingine, ile chipu inavuja, itupe. Kikibaki palepale, tazama chini ya bodi: flaksi (mabaki ya dawa ya kulehemu) iliyoganda kati ya pini hupitisha umeme wa volti nyingi. Isugue kwa mswaki na spiriti, iache ikauke kabisa. Mara nyingi ugonjwa uko hapo.

K155ID1 nzuri hudumu sana. Tatizo ni kwamba zinazouzwa leo ni akiba ya zamani, na nyingine zimeng'olewa kwenye mashine chakavu, kwa hiyo jaribu kila moja namba zote kumi.

Kama ungekuwa unaanza upya, ningekuambia transista za MPSA42. Zinahimili volti 300, na ikifa moja unabadilisha hiyohiyo. Saa na dakika zinahitaji namba 29 tu (3, 10, 6 na 10), kwa hiyo chipu nne za 74HC595, zenye njia nane kila moja, zinatosha kuziongoza, besi (mguu wa kuiongoza) ya kila transista ikiwa na rezista ya kilo-omu 33. Ukitazama upande bapa wa MPSA42, miguu ni emita, besi, kolekta kutoka kushoto. Chipu ya HV5622 ina njia 32 za volti 220 na ingemaliza kazi peke yake, ila inataka volti 12 kwa upande wa mantiki. Ishara za volti 5 za Arduino (bodi ndogo ya kompyuta), kama ndiyo unayotumia, lazima uzipandishe kwanza.

Kila taa iwe na rezista yake ya anodi (mguu wa chanya), kilo-omu 15 hadi 18 kwa volti 180. Na kwenye kipandisha volti (sakiti inayotoa hizo volti 180) weka daiodi ya kasi kama UF4004. 1N4007, daiodi ya kawaida, ni nzito kuzima, itachemka bure.