Maswali ya Wafugaji: Lishe ya Ng'ombe wa Maziwa na Gesi ya Metheni

SWALI: Mhariri, salamu kutoka Lushoto. Ninafuga ng'ombe wawili chotara bandani, nikiwalisha majani ya Guatemala, mabua ya mahindi baada ya mavuno, na pumba kidogo wakati wa kukamua. Kila mmoja hunipa lita tano hivi kwa siku. Katika mkutano wa wafugaji tulielezwa kwamba ng'ombe hutoa gesi inayoongeza joto la dunia, na kwamba lishe inaweza kuipunguza. Je, jambo hili linamhusu mfugaji mdogo kama mimi?
Mfugaji, Lushoto

JIBU: Linakuhusu, ndugu mfugaji, na linaanzia kwenye ndoo yako ya maziwa. Katika tumbo kubwa la ng'ombe wamo vijidudu wanaovunjavunja majani, na katika kazi hiyo hutokea haidrojeni, ambayo vijidudu wengine huigeuza kuwa metheni. Ng'ombe huitoa karibu yote kwa kubeua. Kwa kipimo cha miaka 100, kilo moja ya metheni huongeza joto takribani mara 28 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa. Lakini gesi hiyo pia ni chakula kilichopotea: kati ya asilimia 2 na 12 ya nguvu iliyomo katika malisho huondoka nayo, na hasara huwa kubwa pale malisho yanapokuwa makavu, magumu na yenye protini kidogo, kama yalivyo mabua uliyoyataja.

Ng'ombe hutumia chakula kwanza kuuendesha mwili wake, na kinachobaki ndicho kinachotoa maziwa. Tuchukue mfano: akitoa gramu 200 za metheni kwa siku na lita 5 za maziwa, kila lita imebeba gramu 40. Akilishwa vizuri atakula zaidi, na huenda gesi ikapanda hadi gramu 240, lakini akifikia lita 10, kila lita itabeba gramu 24 tu. Hapa nisisitize jambo ambalo mara nyingi halisemwi wazi: lishe bora peke yake haipunguzi gesi ya banda zima. Inapungua pale mfugaji anapopata maziwa yale yale, au zaidi, kutoka kwa ng'ombe wachache, badala ya kuongeza wengine wanaokula bila kuzalisha.

Majani ya Guatemala huvumilia kiangazi na hushika udongo wa matuta, kwa hiyo usiyang'oe, ila protini yake ni ndogo mno kuwa chakula kikuu cha ng'ombe anayekamuliwa. Panda majani ya tembo na uyakate yakiwa na urefu wa mita moja hivi, yaani kila baada ya wiki sita hadi nane wakati wa mvua. Wafugaji wengi huyaacha yarefuke ili wapate mzigo mkubwa, na mzigo huo huwa ni mashina matupu. Protini ya malisho ikishuka chini ya asilimia 7, vijidudu wa tumboni hudhoofika, na ng'ombe hula kidogo hata kama hori limejaa.

Kisha ongeza mikunde. Desmodiamu hukua vizuri katikati ya mistari ya majani ya tembo, na kaliandra, ambayo ni mti mdogo wa jamii ya mikunde, hufaa kingo za matuta. Uzoefu wa wafugaji wa Embu nchini Kenya unaonyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani, na tanini (kemikali ya asili yenye ladha ya ukakasi) iliyomo ndani yake husaidia kupunguza metheni. Mashudu ya alizeti nayo huongeza protini, na mafuta yake hupunguza gesi, ila usizidishe, kwa sababu mafuta mengi huzuia usagaji wa nyuzinyuzi. Mashudu au pumba zenye ukungu usilishe kabisa, kwani sumukuvu huingia katika maziwa. Mabua yakate vipande vifupi, na maji yawepo bandani saa zote.

SWALI: Nimesikia mwani huzuia gesi ya ng'ombe. Je, huu tunaoulima Unguja unafaa?
Msomaji, Paje

JIBU: Mwani uliopunguza metheni kwa kiasi kikubwa katika majaribio ni mwani mwekundu uitwao Asparagopsis, kwa sababu ya kemikali ya bromofomu iliyomo ndani yake. Spinosamu na kotonii mnazolima si jamii hiyo, na hazitegemewi kwa kazi hii; isitoshe, zina chumvi nyingi. Vilevile kuna kirutubisho kiitwacho 3-NOP, kilichoidhinishwa Ulaya mwaka 2022, ambacho hupunguza metheni ya ng'ombe wa maziwa kwa takribani asilimia 30. Hicho huchanganywa katika chakula cha siku nzima, kwa kuwa huvunjika upesi tumboni, nacho hakiongezi maziwa kwa kiasi cha kurudisha gharama. Kwa mwenye ng'ombe wawili, fedha hiyo ingetangulia kununua mbegu za desmodiamu.