Saruji Isivuke Mlango wa Nyumba ya Mawe

Asubuhi ya Jumanne nilikutana na punda wawili katika kichochoro cha Mkomani, hapa mji wa kale wa Lamu, kila mmoja kabeba mifuko ya saruji. Nyuma yao vijana wetu watatu, wapya katika kazi yetu ya kukarabati nyumba za kale za mawe, nyuso zimewachangamka. Niliwarudisha mpaka gatini, wakaninunia. Wadogo zangu, nawapenda, na ndiyo maana sauti ilinipanda. Niliyoyasema kwa haraka pale njiani nayasema sasa taratibu.

1. Piga picha na upime kabla hujagusa kitu. Pima na mshazari, kwa sababu vyumba hivi havina pembe za mraba. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, kwa hiyo ukikuta chumba kipana kupita kawaida, uliza ukuta gani uliondolewa.

2. Saruji. Hapa nikae kidogo.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili. Nyumba ni ya bibi mmoja mjane, na ukuta wenyewe ni ule wa ndani wenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo, lipu yake imechongwa maua na mikufu. Chini, usawa wa magoti, chumvi ilikuwa ikitoka na lipu inapukutika. Chokaa ingetaka wiki nyingi kukomaa, na bibi alikuwa na harusi ya mjukuu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, saruji itawahi. Nikapiga lipu ya saruji mpaka kiunoni, nikapaka nyeupe. Harusi ikafana, bibi akaniombea dua.

Masika ya pili nikaitwa. Mawe yetu ya matumbawe hunyonya unyevu wa ardhini pamoja na chumvi yake, na chokaa huuachia unyevu ule utoke polepole. Mimi nilikuwa nimeziba njia. Maji yalipanda nyuma ya saruji yakatafuta pa kutokea, yakapapata juu, kwenye zidaka. Chumvi ilikuwa imeganda ndani ya lipu ya zamani na kuisukuma, maua yanabanduka kama maganda ya kitunguu. Nikaona niibandue saruji. Ikang'oka na uso wa jiwe. Safu mbili za chini za zidaka zikaanguka mbele ya macho yangu.

Na sikuwa na picha hata moja, wala mchoro. Fundi wa kuchonga alikuwepo, hodari, akaniuliza, "Maua yalikuwaje?" Sikuweza kumjibu.

Bibi hakunilaumu. Alichukua ufagio, akakusanya vipande akavitia kapuni, akasema tu, "Mamangu alikalishwa biharusi mbele ya ukuta huu." Nimekuwa kazini miaka mingi tangu siku ile, na sauti hiyo naisikia kila nikiona mfuko wa saruji.

3. Chokaa mbichi ya ukutani ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa, isikaushwe na upepo wa kaskazi.

4. Nyumba ina wenyewe. Msiingie na futi mkononi kabla ya salamu kwisha. Kaeni dakani kwanza, pale barazani penye mlango wa mbele; daka lilijengwa kwa ajili ya mgeni. Nyumba kati, kile chumba kidogo cha ndani, msiulizie siku ya kwanza, maana ndimo maiti huoshwa, na huenda msiba bado ni mbichi. Mkionyeshwa mlango uliozibwa ghorofani, ulizeni kwa upole ulikuwa ukienda kwa nani. Baba wa Kiamu alikuwa akimjengea binti nyumba jirani, na wikio, yaani daraja la ghorofani, linapita juu ya njia ili wanawake watembeleane bila kushuka mtaani. Mzee mmoja alinieleza mlango kama huo kwa saa nzima: nani aliolewa, nani aliuza, ndugu gani hawakusemezana. Nilikuwa nimeuandika "ufa" kwenye daftari langu.

5. Ruhusa ya kubadilisha jengo itafutwe kabla ya kazi. Mji huu umo katika Urithi wa Dunia tangu 2001, na kibali si karatasi ya kukimbizana nayo baadaye.

Ukuta wa yule bibi bado upo. Wajukuu wake wamekubali, Jumamosi baada ya alasiri nitawapeleka nyote watatu. Juu maua yamebaki, chini ni lipu tupu ya chokaa niliyoirudishia mwenyewe. Mtaigusa kwa viganja vyenu.